Thamani ya Kaseti Isiyofunguliwa: Tahakiki ya Final Fantasy (1987) na Funzo la Kahawa ya Mibirizi

Ikisiri

Makala hii inahakiki Final Fantasy, mchezo wa video wa fantasia ambamo mchezaji huvaa uhusika, ili kuchunguza vigezo ambavyo wakusanyaji huvitumia kuupa mchezo wa zamani thamani. Hoja kuu ni kwamba soko hutuza nakala isiyochezwa, ilhali mchezo wenyewe hukamilika kwa kuchezwa. Kwa hiyo, kigezo cha soko hakifai kuongoza sera za kuhifadhi michezo yenye Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Mnamo Julai 2021, nakala ya The Legend of Zelda ambayo haikuwahi kufunguliwa iliuzwa na Heritage Auctions nchini Marekani kwa dola 870,000. Hadithi na muziki wake havikuwa sababu ya bei hiyo, kwani mchezo huohuo hupatikana kwa gharama ndogo. Kilicholipiwa ni uadimu wa toleo la mapema na karatasi ya plastiki isiyochanwa. Final Fantasy, mchezo wa rika hilohilo, hupimwa kwa mizani ileile: kaseti peke yake huwa na bei ya chini, kaseti yenye boksi na kijitabu hupanda, na boksi lisilofunguliwa huzipita zote.

2.0 Fani na Maudhui

Kampuni ya Square ilitoa mchezo huu Japani mwaka 1987. Toleo la Marekani lilifuata mwaka 1990. Mchezaji huunda kikosi cha mashujaa wanne kutoka aina sita za wahusika, na katika toleo hilo la Marekani huwapa majina yasiyozidi herufi nne. Asha, Juma, Musa na Keza wanaweza basi kuingia katika hadithi iliyobuniwa mbali na kwao.

Ni kweli kwamba mashujaa hawa ni wahusika bapa, na mapigano ya kujirudiarudia huchosha. Nguvu ya mchezo imo katika msuko. Garland, anayeshindwa mwanzoni, hurudishwa nyuma miaka 2,000 na kuwa Chaos, na wakati unageuka duara. Mashujaa wanapolivunja duara hilo, ushujaa wao unafutika katika kumbukumbu za watu na kubaki hekaya tu. Hapo mchezaji huambiwa kwamba yeye ndiye aliyelivunja. Hadithi inamkabidhi mchezaji jukumu la kukumbuka. Nakala isiyochezwa haina wa kukabidhiwa.

Kaseti yenyewe inathibitisha hoja hii. Safari ya mchezaji hutunzwa kwa nguvu ya betri ndogo iliyomo ndani. Betri ikifa, kumbukumbu hupotea. Boksi lililofungwa haliizuii betri kuchakaa.

3.0 Funzo la Mibirizi

Mibirizi, wilayani Rusizi, inatajwa kuwa mahali kahawa ilipoanza kupandwa Rwanda, mwaka 1904, katika misheni ya Kikatoliki. Aina mojawapo ya kahawa ina jina la mahali hapo. Mbegu ya kahawa haistahimili kuwekwa muda mrefu. Isipopandwa, hupoteza uwezo wa kuota. Aina hiyo imedumu kwa kupandwa upya, kizazi hadi kizazi. Aliyetaka kuihifadhi alilazimika kuitumia.

4.0 Hitimisho na Mapendekezo

Suala hili linatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2024, Surgent Studios ya Abubakar Salim ilitoa Tales of Kenzera: Zau, mchezo wa fantasia wenye sauti za Kiswahili. Ulitolewa kwa kupakuliwa kupitia intaneti. Mchezo wa namna hiyo unaweza kukosa hata boksi la kumvutia mkusanyaji. Ukiondolewa sokoni, sauti hizo zinaweza kutoweka pamoja nao.

Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar. Tunapendekeza michezo yenye Kiswahili iwekwe katika maktaba za taifa kama vitabu, pamoja na haki ya kuinakili kwa ajili ya hifadhi na kuichezesha kwa watafiti na wanafunzi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa michezo ya video, daftari hilo halina budi kuwa nakala inayochezeka.