Ctrl+Alt+Mshale: Kitufe Kilichopewa Asiyestahili

Kosa la Visual Studio Code katika kusogeza kielekezi ndani ya majina ambatani, yaani majina kama uzitoWaTumbaku ambayo vipande vyake hutambulikana kwa herufi kubwa tu, si kukosa uwezo bali ni kuuficha. Amri ya cursorWordPartRight, inayokipeleka kielekezi kipande kimoja kimoja, imo tangu zamani. Kwenye Mac ilipewa Ctrl+Option+mshale wa kulia, ilhali kwenye Windows na Linux haikupewa kitufe chochote.

Atakayetetea uamuzi huo atasema nafasi ilikwisha kuchukuliwa, na ni kweli, kwa kuwa huko Ctrl+Alt+mshale wa kulia, mwenzake wa ule wa Mac, huhamishia faili kwenye kidirisha cha jirani, kazi inayofanywa kwa nadra, wakati kupita ndani ya majina na kufuta vipande vyake ni kazi ya kutwa nzima. Mtayarishaji programu wa Nsemulwa, Manispaa ya Mpanda, anayeandika programu ya mizani ya chama cha msingi kwa kompyuta ya Windows, akitaka kugeuza uzitoWaTumbaku kuwa uzitoWaAlizeti, hubonyeza Ctrl+Backspace mwishoni mwa jina, zikafutika herufi zote 14 badala ya 7 alizozikusudia. Akihofia hilo, hubaki kufuta moja moja kama mpiga taipu. Kuandika uzito_wa_tumbaku hakumwokoi, maana kistari cha chini hakimo katika wordSeparators, orodha ya alama zinazohesabiwa kuwa mipaka ya neno.

Eclipse, ambayo vijana wa leo huicheka kwa uzito wake, ilisimama kwenye kila herufi kubwa ya majina ya Java bila kuombwa. Emacs, mkongwe wa miaka ya 1970, imekuja kubeba ndani yake subword-mode, inayosimama kwenye kila kipande cha jina, pamoja na superword-mode kwa anayetaka kinyume chake. IntelliJ IDEA ina CamelHumps, chaguo la kazi hiyohiyo, lakini huiacha imezimwa, dhambi ya ukoo uleule, ingawa tiki moja huimaliza.

Mwenye Visual Studio Code na abonyeze Ctrl+K kisha Ctrl+S, atafute cursorWordPart na deleteWordPart, amri ya kufuta kipande, na kuzipa vitufe hata kama ni kwa kuwapokonya wengine.