Vibakuli vya Pembeni

Hanwoo, ng'ombe wa asili wa Korea mwenye rangi ya kahawia, anasifiwa kwa mafuta yake. Nyama yake hupangwa kwa madaraja, na lile la juu kabisa, 1++, ni mnofu uliotambaliwa na mistari myembamba myeupe kila upande. Kuichoma si kazi kubwa: mkaa mzuri, chumvi kidogo, na mtu asiyeondoa macho jikoni. Kinachonistaajabisha mimi ni vile vibakuli vidogo vinavyoizunguka mezani, banchan kama Wakorea wanavyoviita, na hasa yule aliyeamua kipi kiwepo na kipi kibaki jikoni.

Mafuta ya nyama yana tabia yake. Vipande vitatu vya kwanza unafumba macho kwa utamu. Ukifika cha sita ulimi umeshafunikwa na kila kipande kinaanza kufanana na kilichotangulia. Mpishi anayejua kazi yake analiona hilo kabla mkaa haujawaka. Anajiuliza nyama hii imekosa nini. Imekosa uchachu, imekosa ubichi, imekosa kitu cha kulia kikitafunwa, imekosa ubaridi. Basi hivyo ndivyo anavyokwenda kuvitafuta sokoni.

Kwa nyama iliyochomwa na chumvi tu, jibu la kwanza karibu kila mara ni pajeori. Anachukua majani marefu ya kitunguu, anayapasua kwa urefu mpaka yawe nyuzi, kisha anayazamisha kwenye maji baridi sana. Humo nyuzi zinajikunja, zinakuwa ngumu kidogo, na ule ukali unaowasha pua unapungua. Anazitoa, anazikung'uta mpaka zikauke kabisa. Siki, pilipili ya unga, sukari chembe na mafuta ya ufuta haviguswi mpaka nyama iwe tayari, kwa sababu viungo vikikaa, kitunguu kinatoa maji na kulegea. Anayekula nyama choma na kachumbari hana haja ya kuelezwa zaidi.

Halafu inakuja kimchi, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani kimchi ni kimchi. Kila mwisho wa vuli familia za Korea hukusanyika kutia chumvi kabichi na kuzipaka viungo kwa ajili ya majira ya baridi. Desturi hiyo, kimjang, iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni mwaka 2013. Kabichi hizo zinaendelea kuchacha mwezi hadi mwezi, kwa hiyo nyumba moja inaweza kuwa na kimchi ya leo asubuhi na ya mwaka jana. Ile kuukuu, iliyochacha mpaka inakunja uso, ni mwenzi wa nguruwe, au inaingia kwenye sufuria ya mchuzi. Ukiiweka kando ya hanwoo nzuri, inapiga kelele na nyama haisikiki tena. Mpishi mtulivu anatoa geotjeori, kabichi iliyokolezwa na kuliwa siku hiyohiyo, ingali na maji yake na mlio wake. Au anatoa kimchi nyeupe isiyo na pilipili, ambayo haina haraka ya kujionyesha.

Bulgogi inadai hesabu nyingine kabisa. Nyama hii imekatwa nyembamba, ikalowekwa kwenye sosi ya soya, sukari, kitunguu saumu, mafuta ya ufuta na pea la Kikorea lililokunwa, ambalo vimeng'enya vyake hulainisha nyama. Tayari ina utamu, ina chumvi, ina harufu ya ufuta. Kuongeza kando yake japchae, zile tambi za wanga wa viazi vitamu zilizokolezwa kwa soya, sukari na ufuta, ni kumpa mgeni chakula kilekile mara mbili. Najua sikukuuni vyote viwili hukaa meza moja na hakuna anayelalamika. Mimi ningeacha kimoja. Hali kadhalika jangjorim, nyama ya ng'ombe iliyotokoswa kwenye soya: ni kitoweo kizuri sana cha siku isiyo na nyama nyingine.

Badala yake mpishi anachemsha chipukizi za soya. Anazikoleza kwa chumvi, wala si kwa sosi, maana sosi ipo ya kutosha kwenye nyama. Wapishi wa Korea wana sheria ngumu juu ya mfuniko wa sufuria hii: ama ufunikwe mwanzo hadi mwisho, ama usifunikwe kabisa. Ukiufunua katikati, wanasema, harufu ya soya mbichi inabaki.

Mboga ya spinachi inaonekana rahisi kuliko zote, nayo ndiyo inayomfichua mpishi. Inaingia kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hivi, inatoka ikiwa bado kijani kibichi, inazamishwa kwenye maji baridi. Kisha anaikamua kwa viganja. Akikamua kidogo, maji yatajikusanya chini ya kibakuli na kuzimua viungo vyote. Akizidisha, zinabaki nyuzi tupu. Anasimama pale katikati, mahali ambapo mkono unapajua na mizani haipajui. Donge lile analichambua kwa vidole, anatia kitunguu saumu kidogo, chumvi, mafuta ya ufuta, na ufuta uliokaangwa alioupondaponda. Anachanganya kwa mkono bila kubonyeza.

Zamani za ufalme wa Joseon meza ilihesabiwa kwa idadi ya vibakuli: 3, 5, 7, 9, na kwa mfalme 12. Wali, supu, kimchi na sosi havikuhesabiwa. Mwaka 1971 upishi wa ikulu ulitambuliwa na serikali ya Korea Kusini kuwa urithi wa taifa, na aliyepewa heshima ya kuubeba ni Han Hui-sun, mama aliyewahi kuhudumu katika jiko la ikulu. Baada yake akafuata mwanafunzi wake, Hwang Hye-seong. Idadi ile ya vibakuli watu hupenda kuisimulia. Mimi naona uzito uko kwenye kanuni iliyokwenda nayo: kitu kimoja kisijirudie mezani, na namna moja ya kupika isijirudie. Kimoja kibichi, kimoja kilichochovywa maji ya moto, kimoja kilichotokoswa, kimoja kilichokaushwa. Vibakuli 3 vilivyofuata kanuni hiyo vinalisha vizuri kuliko 15 vya kujionyesha. Mikahawa mingi ya nyama siku hizi huongeza hata saladi ya makaroni yenye mayonezi. Mafuta kando ya mafuta, na kibakuli chake mara nyingi kinarudi jikoni nusu.

Kuna kazi moja ambayo mpishi anamwachia mlaji. Sahani ya majani mabichi huwekwa karibu na jiko la mezani: letusi, na kkaennip, majani mapana yenye harufu kali ambayo asiyeyazoea atadhani amepewa dawa. Unatandaza jani kiganjani, unaweka nyama, kipande cha kitunguu saumu, kidole cha ssamjang (rojo la soya iliyochacha na pilipili), labda uzi mmoja wa pajeori, unafunga na kutia mdomoni lote kwa mara moja. Ndiyo maana vibakuli vinaachwa na ladha nyepesi. Kila kimoja kikiwa kimekolea hadi mwisho, bahasha ile itakuwa fujo.

Nyama ikiisha, linabaki chaguo moja la mwisho: wali na doenjang jjigae, mchuzi mzito wa soya iliyochacha unaoletwa ukichemka ndani ya chungu, au naengmyeon, tambi za baridi ndani ya supu yenye vipande vya barafu, siki na haradali pembeni. Baada ya galbi, mbavu tamu zilizopakwa sosi na kuchomwa mkaani, mimi naomba tambi, na siki nyingi.