Asiyeoga na Mtoni: Hekaya ya Asili ya Wamakonde katika Kitabu cha Karl Weule

Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijapoa, Karl Weule wa Makumbusho ya Leipzig alitoka Lindi, akafuata bonde la Lukuledi hadi Masasi, kisha akakwea uwanda wa juu wa Makonde hadi Newala na Mahuta. Kitabu chake, Negerleben in Ostafrika, kilichapishwa mwaka 1908. Wengi hukifungua kwa ajili ya picha za ndonya na chale. Makala haya yanajihusisha na hekaya moja fupi iliyomo humo, ambayo kwa maoni yetu inalijibu swali ambalo kitabu chenyewe hakikuliuliza: watu wa bondeni na wa pwani walimwonaje mtu wa juu, naye aliwaonaje wao?

Hekaya yenyewe ni hii. Mtu mmoja aliishi Mahuta peke yake, haogi wala hanyoi. Akachonga umbo la binadamu kwa mti, akalisimamisha. Usiku likawa mwanamke hai. Wakashuka wote wawili hadi Ruvuma, wakaoga, na huko mwanamke akajifungua mtoto mfu. Wakahamia bonde jingine, mambo yakawa yaleyale. Waliporudi juu, mtoto wa tatu akaishi. Ndipo wazao wakausiwa wasijenge mabondeni wala kando ya maji makubwa.

Msomaji aliyezoea msamiati wa pwani, wenye mwungwana upande mmoja na mshenzi upande wa pili, atamtambua mara moja yule asiyeoga. Ndiye mtu wa porini anayesimuliwa barazani. Tofauti ni kwamba kwa Wamakonde yeye ni mwanzo tu wa hadithi, ilhali kwa jirani zao ndiye hadithi nzima. Tena kuna jambo zito zaidi. Kuoga, ambako msikilizaji wa pwani angekutarajia kuwa hatua ya kuingia katika utu, hapa kunafuatiwa na kifo cha mtoto. Usafi wa bondeni una gharama, na gharama hiyo hulipwa na kizazi. Katika eneo ambalo mabonde yalikuwa njia za misafara ya watumwa na za wavamizi wa Kingoni, huku vichaka vya juu vikiwa ngome, fikra hiyo haihitaji kuitwa ushirikina.

Pingamizi lipo. Weule alifanya kazi kwa Kiswahili na kwa kumtegemea Nils Knudsen, Mnorwei aliyemsindikiza. Huenda basi sifa ya kutooga ilipachikwa njiani na mkalimani. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama sifa hiyo ingesimama peke yake. Lakini imefungamana na kuoga mtoni na vifo vinavyofuata. Ukiiondoa, muundo wote unaporomoka.

Jina lenyewe linastahili kutazamwa. Katika Kiswahili, konde ni shamba. Kwa sikio la Mswahili, basi, Mmakonde ni mtu wa mashamba, na hata hivyo Mswahili huyohuyo alimweka msituni. Lugha ilisikia jambo moja, baraza likasema jingine. Wala dharau haikukomea pwani: Mmakonde wa Newala naye alimwita jirani yake wa ng’ambo ya Ruvuma Mmawia, jina linalofasiriwa kwa kawaida kuwa mtu wa hasira, na kulitamka kulitosha kumtenga.

Wamawia hao ndio waliokuja kukata mkonge, kulinda majumba usiku na kuchonga mpingo. Hapa kulinganisha na mbali kunasaidia. Katika mchezo wa kuigiza wahusika wa Dungeons & Dragons, ambao vijana wetu wa vyuoni wanaujua, wamo drow, viumbe weusi wa chini ya ardhi wanaoogopwa na jamii za juu ya ardhi. R. A. Salvatore alimbuni Drizzt, drow mwema, na wasomaji wakampenda mno. Lakini kila anaposifiwa kwa kutofanana na wenzake, wenzake wanahukumiwa upya. Mwaka 2020 wachapishaji wenyewe walikiri kwamba taswira ya watu hao ilihitaji kurekebishwa. Mchongaji wa Kimakonde amewekwa katika kiti hichohicho: mkono wake unasifiwa, kwao kunabaki porini.

Hata sifa hiyo imetafsiriwa vibaya. Kazi zilizoanzishwa na Samaki Likankoa huko Dar es Salaam katika miaka ya 1950 ziliuzwa kwa jina la shetani. Shetani wa uganga wa pwani ana sura nyingi, lakini mnunuzi wa mbali alimsikia Ibilisi. Kimakonde kina nnandenga, neno lisilobeba mzigo huo, na hatuoni sababu ya wahakiki wanaoandika kwa Kiswahili kuendelea kuliacha nje ya maandishi yao.