Kiti cha Kando ya Benchi

Bahari ya Jambiani ikikupwa, hasa siku za bamvua, maji hukimbilia mbali kuelekea mwambani na kuacha nyuma yake kiwanja ambacho hakikujengwa na serikali wala na mfadhili. Mchanga wa karibu na maji umeshikana, mpira unadunda, mguu hauzami. Vijana huteremka baada ya sala ya laasiri. Wengine wanatoka hotelini kazini, wengine wanatoka kuvua, wengine wametumwa dukani na bado wana noti ya mama mfukoni. Haulizi mtu mechi inaanza saa ngapi, kwa kuwa bahari ndiyo inayopanga ratiba, na ikianza kujaa kipenga cha mwisho kimeshapigwa.

Nimezoea kusimama pale nikatazama mchezo. Siku hizi macho yangu yanamwendea mtu mmoja ambaye hachezi wala hafundishi. Aliwahi kuwa mwalimu wa timu ya hapo kwa miaka mingi, kisha akaacha, kwa umri na kwa maneno ya watu, akakaa nyumbani kwake kama kwamba mpira haukupata kumhusu. Viongozi vijana wa timu wamemfuata na kumrudisha. Ukocha hawakumpa, maana kocha wanaye, kijana mwenye cheti chake na kipenga chake shingoni. Mzee wamempa ushauri. Jina lake sitalitaja, kwani si mtu wa kupenda kutajwa. Huja na kofia yake ya kiua, akakalia kiti cha plastiki chini ya mvinje, hatua chache mbali na benchi, na hapo huanza kazi ambayo wengi wanaopita hawaijui kuwa ni kazi.

Mpira ukiwa kushoto, yeye kichwa amekigeuzia kulia. Ndivyo nilivyoanza kumtilia maanani. Sote tulikuwa tunamfuata winga aliyekuwa akichanja mbuga upande wa bahari, tukipiga kelele, na yeye alikuwa akimwangalia beki wa upande wa pili, kijana ambaye kwa dakika nzima hakugusa mpira. Aliangalia visigino vyake vilipo na mabega yake yanaelekea wapi, na kama anarudi nyuma kwa kukimbia au kwa kutembea. Goli likafungwa, sote tukaruka, na mzee hakugeuka. Alikuwa bado yuko kwa yule beki.

Ulipofika wakati wa mapumziko, kocha kijana alimwendea, akachutama mbele ya kiti. Mzee akamwambia, kwa sauti ya kusikiwa na wachezaji waliokuwa wakinywa maji pale karibu: “Mwalimu, nakuuliza tu. Yule kijana wako wa kulia, anachoka au anaogopa?”

Hapana la zaidi. Hakusema mtoe, wala msogeze mbele. Kocha akaenda kuzungumza na yule beki pembeni, na ikabainika kuwa hachoki wala haogopi. Asubuhi alijikata wayo kwenye mawe ya mwambani na alikuwa amenyamaza asije akawekwa nje. Mzee hakuwa ameyajua hayo. Alichokijua ni kwamba kijana yule kila shambulizi lilipokuja alikuwa anasimama hatua mbili nyuma ya pale alipozoea kusimama, na hatua mbili kwa jicho lake zilitosha kuwa habari.

Neno lile, “Mwalimu”, ndilo lililonikaa moyoni kuliko yote. Huyu kocha kijana alifundishwa mpira na mzee huyu huyu. Alimwokota akiwa mtoto wa chandimu, mpira wa matambara na kamba, akampanga, akamkaripia, akamnunulia njumu za kwanza. Kwa mila za kwetu mzee ana haki yote ya kumwita mwanangu, au kwa jina la utoto, mbele ya yeyote. Nyumbani humwita hivyo. Akishakalia kile kiti hamwiti ila Mwalimu, na humwita kwa sauti, wachezaji wasikie. Kijana naye humjibu kwa shikamoo yake na adabu zote, kisha huondoka na kuamua mwenyewe. Zipo siku ambazo ushauri haufuatwi. Nimemwona mzee siku moja kama hiyo, timu ikafungwa kwa kosa lile lile alilolisemea, na baada ya mchezo alikunja kiti chini ya mkono, akampa kocha mkono, akaenda zake.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Mtu aliyewahi kuamrisha, akatiiwa, akashinda vikombe vya kijiji na kubebwa juu juu, anawezaje kurudi mahali pale pale na kuridhika kuuliza swali moja kwa dakika 45? Ukocha una sauti, kila mtu anakuona ukisimama ukingoni na kupunga mikono. Ushauri unataka uwe na yote aliyonayo kocha, jicho, kumbukumbu, ujuzi wa watu, halafu ulivue lile linalopendwa zaidi, yaani kuonekana. Wazee wetu wa pwani waliijua kazi ya namna hii chomboni. Nahodha ndiye mwenye amri, lakini walimchukua rubani aliyejua milango ya mwamba na mawe yaliyojificha, na rubani huyo kazi yake ilikuwa kusema jiwe liko wapi. Usukani haukuwa wake, na chombo kikifika salama aliyepokewa pwani kwa vigelegele alikuwa nahodha.

Ujuzi wa mzee huyu haukutoka darasani peke yake. Anajua kwamba kusi ikivuma goli moja lina upepo mgongoni, na kwamba timu isiyojua hilo itachagua upande kwa kuangalia jua. Anajua kijana gani ametoka kwenye nyumba yenye msiba na hafai kukaripiwa wiki hii. Anakumbuka mechi za zamani dhidi ya Makunduchi na Paje, nani alipiga kona na nani alisinzia, wala hajawahi kuziona tena kwenye kioo chochote. Alizitazama mara moja, akijua kwamba hazitarudiwa, na nadhani kutazama huko kwa mara moja ndiko kulikomjenga jicho. Leo kila mtu ana simu, goli linarekodiwa na watu kumi, na hakuna kati yao aliyeona lilivyoanza.

Katika soka kubwa la nchi hii kazi hii imewahi kupewa cheo na heshima yake, ingawa kwa kusuasua. Tarehe 20 Juni 2015, hapa hapa Unguja, katika uwanja wa Amaan, Taifa Stars ilifungwa na Uganda mabao 3 kwa 0 katika kuwania fainali za CHAN. Kocha wake, Mholanzi Mart Nooij, akaondolewa. Nafasi yake ikachukuliwa na Charles Boniface Mkwasa, msaidizi wake akiwa Mzanzibari Hemed Suleiman, tunayemwita Morocco, na mshauri wa ufundi akawa Abdallah Kibadeni.

Kibadeni hahitaji kuelezwa kwa mtu yeyote aliyelelewa na mpira wa Tanzania. Ni yule aliyefunga mabao matatu Julai 1977, Simba ilipoichapa Yanga 6 kwa 0. Akiwa kocha aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikatoka suluhu Abidjan na Stella, kisha ikafungwa 2 kwa 0 Dar es Salaam, na machungu ya siku ile wapo watu hawajayasahau. Mtu wa historia hiyo kukubali kukaa nyuma ya kocha mdogo kwake, bila kudai kiti cha mbele, ni jambo ambalo magazeti yalilipitia kwa mstari mmoja. Mimi ningeliandikia ukurasa. Septemba ile Stars ikaizuia Nigeria bila bao, Novemba ikatoka 2 kwa 2 na Algeria Dar es Salaam. Siku tatu baadaye, kule Blida, ikafungwa 7 kwa 0. Ushauri hauzuii kila kitu, na anayemrudisha mzee kwa kutaka miujiza bora amwache apumzike.

Kim Poulsen, Mdenmaki, naye alipita njia hiyo. Aliifundisha Stars tangu 2012, timu yake ikaifunga timu ya taifa ya Morocco 3 kwa 1 Machi 2013, halafu mwaka uliofuata akaachwa. Mwaka 2016 alirudi TFF kuwa mshauri wa timu za vijana, na Serengeti Boys walipokwenda Gabon kwenye fainali za Afrika za vijana mwaka 2017, kocha alikuwa Bakari Shime. Vijana wale walitoka suluhu na Mali, wakawafunga Angola 2 kwa 1, wakafungwa na Niger bao moja, wakatoka kwa sababu ya matokeo hayo hayo ya Niger. Jina lililosimama mbele lilikuwa la Shime, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Miaka mitano baadaye Shime huyo huyo aliwafikisha Serengeti Girls robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 nchini India. Siwezi kupima ni kiasi gani cha hayo kilianzia kwenye mazungumzo ya watu wawili kando ya kiwanja, na hakuna atakayepima, kwani kazi hii haiachi alama kwenye jedwali.

Hata huko Barcelona, Johan Cruyff walimtimua mwaka 1996, na Joan Laporta alipochaguliwa kuwa rais mwaka 2003 akawa anamwendea kumuuliza. Hakupewa timu ile tena, alipewa sikio.

Sisi sikio tunalinyima. Kocha kwetu anafungashiwa virago, na virago vile vinaondoka na vyote alivyovijua: nani goti lake linauma na halisemi, nani hucheza vizuri akiwekwa karibu na nani, mazoezi gani yalijaribiwa na yakaharibika. Anayekuja anaanza moja. Aliyeondoka anaonekana mkosi, hata kumpigia simu ni kama kumsaliti mpya. Redioni asubuhi wachambuzi watamchambua mpaka nguo za ndani, na jioni hakuna aliyefika kwake kumuuliza swali.

Mtazame Hemed Suleiman, yule Morocco wetu. Desemba 2017 aliiongoza Zanzibar Heroes kwenye Kombe la Challenge nchini Kenya, vijana ambao hawakutarajiwa na mtu. Wakaifunga Tanzania Bara 2 kwa 1, wakaitoa Uganda nusu fainali, na fainali pale Machakos wakatoka 2 kwa 2 na wenyeji, wakashindwa kwa penalti. Mwaka ule ule CAF ilikuwa imeipokea Zanzibar kuwa mwanachama mwezi Machi na kuitoa Julai, na timu ile ilikuwa ndiyo jawabu letu. Januari 2024, Stars ikiwa katikati ya AFCON kule Côte d'Ivoire, Adel Amrouche akasimamishwa na Morocco akaitwa kushika timu iliyokwisha kuyumba, akatoka sare na Zambia na suluhu na Kongo. Novemba mwaka huo akaifuzisha tena, na Agosti 2025 akaifikisha robo fainali ya CHAN nyumbani. Novemba 2025, wiki chache kabla ya AFCON aliyoifuzu, akaachana na timu, na Miguel Gamondi akapewa kuipeleka. Sina ugomvi na Gamondi, na viongozi wana haki ya kuchagua kocha. Swali langu ni la kiti kile kingine. Aliyejua kila mguu wa timu ile alikuwa na umri wa kufanya kazi, hajambo, anapatikana.

Linaloniumiza zaidi ni la Joel Bendera. Alikuwa katika uongozi wa ufundi wa Taifa Stars iliyofuzu kwa fainali za Afrika za mwaka 1980 kule Lagos, baada ya sare ya 1 kwa 1 na Zambia pale Ndola, Agosti 1979, bao la Peter Tino. Baada ya hapo Tanzania haikurudi kwenye fainali zile hadi 2019. Miaka 39 nchi nzima iliuliza timu hufuzuje, na karibu miaka yote hiyo aliyekuwa na jawabu alikuwepo. Tulimheshimu, hilo sikatai. Akawa mbunge, naibu waziri wa michezo, mkuu wa mkoa. Lakini heshima ya ofisi na heshima ya kuulizwa juu ya mchezo ni mbili mbali. Namfikiria kwenye kiti cha plastiki kando ya benchi, miaka ya tisini, Stars ikianza tena kampeni nyingine ya kushindwa, na kocha yeyote yule, mgeni au mwenyeji, akichutama mbele yake wakati wa mapumziko. Angeuliza nini? Angeona beki gani? Alifariki Desemba 2017, mwezi ule ule wa Machakos, na Ndola yake akaondoka nayo.

AFCON ya 2027 itachezwa kwetu, Kenya na Uganda. Jambiani wamekwisha kumfuata mzee wao nyumbani, wakabisha hodi, wakamwomba. Wengine waliowahi kuzifundisha timu zetu kubwa, Unguja, Pemba na Bara, wapo barazani kwao kila jioni, na nyumba zao zinajulikana.