Lugha ya Ushuhuda katika Vikundi vya Sala

Neno ushuhuda lilikuwa neno la baraza na mahakama kabla halijapata makao katika vikundi vya sala. Shahidi ni mtu aliyeona jambo, na kazi yake ni kulieleza kama lilivyokuwa, bila ya kuongeza wala kupunguza. Hakimu hamwulizi shahidi kama habari yake yafurahisha. Amwuliza kama ni kweli. Maana hii ya kwanza yafaa kukumbukwa na kila atakaye kuipima fasihi simulizi iliyokua katika Kanisa Katoliki kwa miaka hamsini na zaidi, yaani sala za papo kwa papo, na masimulizi ya watu wanaosema kwamba maombi yao yamejibiwa. Fasihi hiyo husikika kila juma katika parokia nyingi za Afrika ya Mashariki. Lugha yake aghalabu ni Kiswahili, na watunzi wake ni watu wa kawaida. Hapana sababu ya kuiacha nje ya uhakiki.

Chanzo cha uamsho huu wa karismatiki kinajulikana. Mwezi wa Februari 1967 kundi dogo la wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Duquesne, mjini Pittsburgh katika Marekani, lilikwenda mafungo ya siku chache, likiwa limejiandaa kwa kusoma sura za kwanza za Matendo ya Mitume. Waliporudi walisema kwamba wamemiminiwa Roho Mtakatifu, na baadhi yao walinena kwa lugha. Kabla mwaka haujaisha habari zilikuwa zimefika Chuo Kikuu cha Notre Dame, na katika miaka ya 1970 vikundi vya namna hiyo vilienea katika nchi nyingi, Afrika ya Mashariki ikiwamo. Kwenye Pentekoste ya mwaka 1975 Papa Paulo wa Sita aliwapokea Roma wanachama wapatao 10,000.

Mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa na Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965). Katika mwaka 1963 Kardinali Suenens wa Ubelgiji alisimama mtagusoni akatetea kwamba karama za Roho hazikukoma pamoja na Mitume, na kwamba hata waamini walei wamejaliwa karama hizo. Tarehe 4 Desemba mwaka huohuo Mtaguso ulitoa hati juu ya liturujia, iliyopanua nafasi ya lugha za watu katika ibada ambamo Kilatini kilitawala. Ruhusa hizi mbili, ya karama na ya lugha, zilikutana katika kikundi cha sala.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, yapasa kukumbuka hali iliyotangulia. Tangu wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipojenga Bagamoyo mwaka 1868, sala za Kikatoliki za Kiswahili zilikuwa sala zilizoandikwa: Baba Yetu, Salamu Maria, litania, novena. Zilikuwa na utaratibu na adabu, na vizazi vilizirithi kwa moyo kama watu warithivyo methali. Walakini aliyezisali hakuwa mtunzi wake. Kikundi cha sala kilimpa muuza samaki, fundi cherehani, karani na mkulima haki ya kusimama mbele ya wenzao na kutunga. Watu ambao hawakupata kuandika barua ndefu waliombwa wamweleze Mungu haja zao kwa maneno yao wenyewe, na wenzao wakaitikia Amina. Katika historia ya nathari ya Kiswahili tukio hili si dogo.

Wala ushuhuda haukuanzia kwa Wakatoliki. Uamsho wa Afrika ya Mashariki, uliopata nguvu katika misheni ya Kianglikana ya Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, uliwafundisha watu wengi kusimama hadharani na kusimulia maisha yao. Lakini ushuhuda wa wakati ule ulielekea zaidi kwenye dhambi: mtu alisema aliiba, alidanganya, akatubu. Katika vikundi vya karismatiki toba haikuondoka, ila uponyaji ulichukua nafasi kubwa. Kwa badiliko hilo umbo la simulizi nalo lilibadilika, maana aliyetubu ajua kwa hakika kwamba ametubu, lakini aliyeombewa juu ya ugonjwa hawezi daima kujua mara moja kama ugonjwa umeondoka.

Jioni ya kikundi cha sala huwa na taratibu inayotambulikana popote. Huanza nyimbo za sifa kwa makofi na ngoma, kisha kuabudu kwa sauti ya chini, kisha Neno, ushuhuda, na maombezi pamoja na kuwekewa mikono. Katika maombezi wengi husali kwa pamoja kwa sauti, kila mtu na lake. Mwenye sikio la fasihi atatambua mara moja kwamba uhuru huu umejiwekea kanuni zake. Neno Baba au neno Bwana hurudiwa kila baada ya maneno machache, nalo humpa msemaji nafasi ya kuvuta pumzi na kutafuta fungu lifuatalo, kama kiitikio kimpavyo nafasi mwimbaji. Kauli kama "twaja mbele zako" na "katika jina la Yesu" hushika mwanzo na mwisho. Hayo si makosa. Mtunzi wa papo kwa papo, awe manju wa ngoma au mama mwenye kusali, hana budi kuwa na maneno ya akiba. Hatari huja pale akiba inapokuwa ndiyo sala nzima, na haja ya kweli iliyomleta mtu ikapotea chini ya maneno yaliyozoeleka.

Juu ya kunena kwa lugha mhakiki ana machache ya kusema, kwani hakuna maneno ya kuchambua. Hata hivyo Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, aliagiza kwamba anenaye kwa lugha anyamaze katika kusanyiko ikiwa hapana mwenye kufasiri. Kwa hiyo, kwa mujibu wa maandiko yaleyale ambayo vikundi huyategemea, kipimo cha kusanyiko ni neno linaloeleweka. Katika nchi hizi neno hilo mara nyingi ni la Kiswahili, na hapo ndipo ushuhuda unapostahili kuchunguzwa kwa makini.

Chukua mfano wa kubuniwa, wa namna isikikayo mara nyingi: "Nilikuwa mgonjwa, nikaenda hospitali, nikapewa dawa, nisipate nafuu; nikaja kikundini, nikawekewa mikono, nikapona." Alama ya -ka- ndiyo inayousukuma ushuhuda huu mbele. Ni alama ya hadithi. Hupanga matendo katika mstari mmoja, kila moja likitokea mgongoni mwa jingine. Sarufi yasema tu kwamba kupona kulifuata kuwekewa mikono. Lakini msikilizaji, kwa mazoea ya hadithi, hupokea zaidi ya hayo: lugha imesema "baada ya", na sikio limesikia "kwa sababu ya". Dawa zile za hospitali, ambazo yamkini nazo zilifanya kazi yake polepole, zimebaki nyuma katika nusu ya kwanza ya hadithi, upande wa mambo yaliyoshindwa.

Alama ya pili ni -me-. "Nimepona" ni kauli ya jambo lililotimia na ambalo matunda yake yapo sasa. Wako wanaofundisha kwamba mgonjwa aseme "nimepona" kwa imani, hata kabla mwili haujaonyesha dalili yoyote. Hapo kauli ya habari imegeuzwa kuwa kauli ya tumaini, na wasikilizaji hawana njia ya kupambanua. Mgonjwa wa kisukari akisema "nimepona" kwa maana ya "natumaini nitapona", na jirani yake mwenye ugonjwa uleule akaisikia kama habari, huyo wa pili aweza kuacha dawa kwa ajili ya kosa la wakati wa kitenzi. Kanisa lenyewe limeiona hatari hii. Mafundisho juu ya sala za kuomba uponyaji yaliyotolewa Roma tarehe 14 Septemba 2000 yaliagiza kwamba shuhuda zikusanywe baada ya ibada kwa unyofu na usahihi, na zipelekwe kwa wenye mamlaka katika Kanisa. Tena yalionya dhidi ya vishindo na maonyesho, na yalieleza kwamba kuomba hakumzuii mtu kutumia tiba. Kwa maneno mengine, yalitaka ushuhuda urudi katika maana yake ya baraza.

Lakini upungufu mkubwa zaidi wa ushuhuda hauko katika maneno yasemwayo. Uko kwa mtu asiyepewa nafasi ya kusema. Aliyeombewa na hali yake ikabaki vilevile hana hadithi ya -ka-, wala hana -me- ya kutangaza. Husikiliza juma baada ya juma jinsi wenzake walivyojibiwa, na kwa kuwa umbo la ushuhuda lina mwisho mmoja tu, hana pa kujiweka. Ni rahisi mtu huyo aanze kudhani kwamba imani yake ndiyo iliyopunguka, hata akakaa nyuma, na mwishowe asije tena. Fasihi inayowapa sauti watu wengi wasiokuwa na sauti imemnyamazisha mmoja, naye ndiye mwenye haja kuliko wote.

Watetezi wa desturi iliyopo wana hoja yenye uzito. Ushuhuda, wasema, hutolewa ili kujenga imani. Ukiruhusu kila mwenye huzuni asimame, mkutano utakuwa matanga. Hoja hiyo ingesimama kama maandiko na historia zingekuwa upande wake. Paulo yuleyule aliyeorodhesha karama aliwaandikia Wakorintho, katika waraka wa pili, juu ya mwiba katika mwili wake: aliomba mara tatu uondolewe, usiondolewe, naye hakuificha habari hiyo. Katika kitabu cha Zaburi maombolezo ni mengi kuliko aina nyingine yoyote ya utungo, na Zaburi ya 88 yaisha gizani bila ya neno la faraja. Fasihi ya Kiswahili nayo, katika dini nyingine lakini katika lugha ileile, ina Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akaufunga kwa dua ya kuomba afya. Utendi haukungoja apone ndipo utungwe. Mwenyewe alifariki takriban mwaka 1860, na dua yake husomwa hata leo.

Na neno lenyewe latoa ushahidi. Kanisa huwaita Karoli Lwanga na wenzake Mashahidi wa Uganda. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wao walichomwa moto Namugongo, na mwaka 1964 Paulo wa Sita aliwatangaza watakatifu 22. Hakuna mkono uliouzuia moto ule. Kama ushuhuda ungekuwa ni habari ya kuokolewa na mateso tu, jina hilo lisingewafaa hata mmoja wao.

Kiswahili hakikumnyima mgonjwa asiyepona alama yake ya wakati. "Sikupona" ni kauli iliyofunga mlango. "Sijapona" imeuacha wazi. Katika neno hilo moja mgonjwa akiri hali yake bila ya kudanganya, na papo hapo akiri kwamba bado angoja. Hahitaji kuazima -me- ya mwenziwe ili aonekane ana imani, kwani -ja- yake ina imani ya kutosha. Kikundi cha sala kitakachompa nafasi mtu wa "sijapona" asimame, aeleze, na aitikiwe Amina kama wengine, kitakuwa kimeongeza katika fasihi yake aina ya utungo iliyokosekana, na kitakuwa kimemrudisha shahidi kwenye kazi yake ya kusema alichokiona.