Mti wa Mizani Kwenye Video ya Simu

Mbinu ya kuonyesha fedha za wanandoa kwa namna inayomgusa mtazamaji ilikomaa kwa wakulima wa kahawa wa Kasese, magharibi mwa Uganda, kabla simu janja hazijaenea vijijini. Chama cha Bukonzo Joint kiliijenga pamoja na mtaalamu Linda Mayoux, katika mfumo unaoitwa kwa kifupi GALS (Gender Action Learning System). Kiini chake ni mchoro wa mti wa mizani.

Mti huo huchorwa na wanandoa wenyewe, kwa picha, hivyo asiyejua kusoma hasimami pembeni. Mizizi ya upande mmoja hubeba kazi za mke, ya upande wa pili kazi za mume, na ya katikati kazi za pamoja. Kwenye shina huwekwa mali: shamba, nyumba, mbuzi, kila kitu upande wa mwenye kauli juu yake. Matawi ni matumizi. Kazi inayokula muda mwingi na matumizi yanayokula fedha nyingi hutiwa duara. Mti ukilala upande mmoja, wote wawili wanauona.

Huko Kasese michoro ilifichua jambo lililokuwa likiumiza kaya kimyakimya. Mke alichuma kahawa ikiwa bado mbichi na kuiuza kwa siri apate chumvi na sabuni. Mume naye aliharakisha kuchuma asije akapitwa. Kahawa mbichi hupata bei ya chini, kwa hiyo hasara iliwapata wote. Kisa cha namna hii kina nguvu kuliko mawaidha yoyote, kwa sababu mkulima anakijua hata kabla hakijasimuliwa.

Kwa anayetaka kuuweka mti huu kwenye video ya simu huko Murukulazo, wilayani Ngara, Tanzania, yanayobadilika ni machache. Mizizini zitachorwa kazi za kahawa, migomba, maharage, maji na kuni. Matawini kutakuwa na sare za shule, mbolea, hisa za kikoba na pombe ya ndizi. Simu huwekwa juu ya karatasi ili ionyeshe mikono tu. Mke anachora, mume anachora, na sauti zao husikika kwa Kihangaza au Kiswahili. Kiasi cha fedha hakihitajiki. Duara kubwa na duara dogo vinatosha. Wakibishana kuhusu tawi fulani, ubishi huo usikatwe, maana ndiyo sehemu ambayo mtazamaji atamtumia mwenzake.

Kwa video za mfululizo, lipo funzo la *Twende na Wakati*, mchezo wa redio ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993. Muundo wake ulihitaji mhusika anayesitasita kati ya wema na ubaya, kisha akabadilika polepole. Mume aliyekamilika tangu video ya kwanza hamfundishi mtu.

Mzizi wa kazi za nyumbani usiachwe tupu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitambua kazi hizo kuwa mchango katika mali ya ndoa. Anayechora kuni na maji anachora jambo linalotambuliwa na sheria.

Fedha za ndani ya nyumba ni siri ya watu wawili. Mtengenezaji wa video asiirushe kabla mke na mume hawajaitazama hadi mwisho na kuridhia, kila mmoja kwa kauli yake.