Alama Kumi na Nane

Watu wa pwani wana neno zuri: kukereza. Seremala wa Lamu hukereza mguu wa kitanda. Mti unazunguka, patasi imetulia, umbo linajitokeza kidogo kidogo. Huku kwetu Eldoret tunakereza chuma, na mashine yenyewe tunaiita leth. Kazi ni ile ile. Kuna kinachozunguka na kuna kinachokata, na katikati yao upo mkono wa fundi.

Mkono huo ndio ninaotaka kuusifu leo, ingawa nimemaliza miezi mingi nikijaribu kuuondoa kwenye mashine.

Leth yangu imekaa stoo, nyuma ya nyumba. Ni ya Kiingereza, ya vipimo vya inchi, na siku ilipoletwa vijana sita waliibeba wakipumzika kila hatua kumi. Wateja wangu wengi ni wakulima wa Uasin Gishu. Ngano ikikauka kombaini huingia shambani, na kombaini ikiingia shambani lazima kitu kivunjike: pini, bushi, shafti. Mkulima hufika na bushi iliyolika mfukoni, jicho moja kwangu, jingine kwenye mawingu. Anataka nne, zilingane, na anazitaka leo. Ya kwanza naikereza kwa raha. Ya nne naikereza kwa mgongo. Siku mwenye duka la vipuri alipoagiza 60 ndipo nilipoanza kuiwazia kompyuta.

Wazo lenyewe si la juzi. Mwaka 1952 chuo cha MIT kule Marekani kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe wenye matundu. Wakati huo hilo lilikuwa jambo la viwanda vikubwa. Leo programu ya LinuxCNC, ambayo mizizi yake iko katika NIST, taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani, inapatikana bure, na haioni haya kukaa kwenye kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi. Unang'oa usukani wa kuzungusha kwa mkono, mahali pake unafunga mota ya hatua. Mota hii haizunguki mfululizo kama ya kinu cha posho. Inaruka, hatua 200 kwa mzunguko mmoja.

Hesabu yake ndiyo iliyoniteka. Skurubu inayosukuma kisu kuelekea kwenye chuma ina hesi 10 kwa inchi, kwa hiyo mzunguko mmoja ni milimita 2.54, na hatua moja ya mota ni 0.0127. Ila chuma kinazunguka, kwa hiyo kisu kikiingia kiasi hicho, unene hupungua mara mbili yake: 0.0254. Hiyo ni sehemu moja ya elfu ya inchi, thau moja kama tunavyosema sisi mafundi. Mota ya juzi na skurubu ya kizee, zisizojuana kwa lolote, zilikutana stoo kwangu na kupatana kwamba hatua moja itakuwa thau moja. Nilicheka peke yangu.

Aliyenisaidia ni mpwa wangu, anayesomea uhandisi Chuo Kikuu cha Moi. Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana huvuvia. Huyu kavuvia stoo ile tangu akivaa kaptura. Siku ya kwanza tulikereza pini yenye shingo: nyembamba katikati, milimita 30 mbele na nyuma. Mbele ikatoka 30. Nyuma ya shingo ikatoka 29.64.

"Mjomba," akaniuliza, "ukiwa unakereza kwa mkono na unataka kurudisha kisu nyuma, huwa unafanyaje?"

"Narudisha tu."

"Hebu nionyeshe."

Nikauvisha usukani tena kwenye skurubu, nikaushika. Hapo ndipo nilipouona mkono wangu mwenyewe, kama mtu anayemchungulia jirani. Ulirudi nyuma ukaipita alama, nusu mzunguko mzima, halafu ukaja mbele taratibu ukasimama pale pale palipotakiwa. Sikuwa nimeutuma. Skurubu kuukuu ina plei: ukigeuza mwelekeo, inazunguka kidogo kabla ya kushika. Mkono uliligundua hilo zamani, ukapata dawa yake, wala haukuona haja ya kukiarifu kichwa.

Tukaifunga saa ya kupimia, ile ambayo kila alama yake ni sehemu moja ya mia ya milimita, tukageuza skurubu. Sindano haikucheza, haikucheza, kisha ikaondoka. Plei ilikuwa alama 18. Kijana akaandika 0.18 kwenye faili ya mipangilio, nami nikakaa kwenye ndoo nikiitazama namba ile. Ujanja wa mkono wangu wa miaka yote ulikuwa umeingia kwenye tarakimu tatu.

Wapo wanaosema kompyuta imeleta hesabu palipokuwa na ufundi tu. Wafungue leth yoyote ya zamani waangalie gia. Karibu mwaka 1800 Henry Maudslay wa London aliunganisha skurubu ndefu na chuma kinachozunguka kwa njia ya gia. Kubadilisha gia kukawa ndiko kubadilisha hesi unayokata. Hesabu imo humo siku zote, imechongwa kwenye meno. Sisi tumeyaondoa meno, tukaweka enkoda inayohesabu mzunguko, na kompyuta huiambia mota ya pili, ile ya skurubu ndefu, isogee kiasi gani.

Tofauti iko kwingine. Mvua za alasiri hapa kwetu haziji peke yake, stima hupotea. Ikirudi, kompyuta haijui kisu kiko wapi. Niliwahi kusahau hilo, nikabonyeza kitufe cha kuanza, kisu kikaenda kuvunjika kwenye taya zinazoshika chuma. Sasa kila stima inaporudi, jambo la kwanza mashine inakwenda kupiga hodi kwenye swichi za mwisho, ikiitikiwa ndipo inapoanza kuhesabu. Mkono haukuhitaji hodi. Ulikuwa wa nyumba.

Mwaka huu, kabla ya kombaini kutoka, bushi zilianza kukataa kuingia. Nikaitoa saa ya kupimia kwenye kitambaa chake, nikageuza skurubu na kuhesabu. Alama 21. Skurubu imeendelea kulika, kama ilivyokuwa ikilika miaka yote, na miaka yote mkono ulikuwa ukijiongezea kidogo kidogo pasipo kusema. Kompyuta husubiri iambiwe.

Nikampigia kijana simu. "Andika ishirini na moja," nikamwambia.